Kuanzishiwa uchungu: Dawa ya kuuleta ipo, ya kuutuliza iko wapi?

Kwenye mabenchi ya kliniki za wajawazito lipo swali ambalo wanawake huulizana kwa sauti ya chini, jicho moja likiwa kwenye mlango wa nesi: mwenzangu, ulizaa kwa uchungu wako au ulianzishiwa? Anayejibu kwamba alianzishiwa hana haja ya kueleza zaidi. Wenzake huguna, mmoja hujishika kiuno, na yule ambaye mimba yake ndiyo ya kwanza huanza kuhesabu wiki zake upya.

Uchungu huo una sifa mbaya. Inasemwa kwamba unakuja ghafla, haupumziki, na unauma mara mbili ya ule wa kawaida. Yamo maneno ya kutiwa chumvi hapo, lakini si yote. Hata miongozo ya afya ya Uingereza inataka mama aelezwe mapema kwamba uchungu wa kuanzishiwa unaweza kuuma kuliko unaokuja wenyewe.

Uchungu unaokuja wenyewe mara nyingi hupanda ngazi moja moja. Kiuno kinavuta, kinaacha, kinarudi usiku. Mama anapata muda wa kuoga, kunywa chai, hata kusinzia kabla mambo hayajakolea. Wa kuanzishiwa unaweza kuziruka ngazi hizo, hasa dripu inapoongezwa kasi, na unamkuta mama akiwa tayari amelazwa, mkono umefungwa mrija wa maji, jamaa zake wako getini.

Kinachoshangaza ni jinsi dawa zilivyogawanyika. Dawa za kuanzisha uchungu, yaani kidonge na dripu, zinapatikana hadi hospitali za wilaya. Sindano ya mgongo ya kuutuliza, ile ambayo madaktari huiita epidurali, iko katika hospitali chache za mijini, nyingi zikiwa za kulipia. Kwa hiyo mwanamke wa Tanzania anayeanzishiwa uchungu hupokea nusu ya kile ambacho mwenzake wa Ufaransa hupewa kizima. Huyo wa Ufaransa akianzishiwa, daktari wa usingizi yuko jengo hilo hilo, na wanawake wapatao wanane kati ya kumi nchini humo hujifungua wakiwa na sindano hiyo.

Siku zinapopitiliza

Daktari makini haanzishi uchungu kwa sababu zamu yake inakwisha, wala kwa sababu mama amechoka na tumbo. Sababu inayosikika zaidi ni mimba kupitiliza. Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ingawa ni watoto wachache mno wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri uchungu uanzishwe pale inapojulikana kwa hakika kuwa mama ametimiza wiki 41. Baada ya hapo kondo la nyuma linaweza kuanza kuchoka, na hatari ya mtoto kufia tumboni huongezeka.

Nchini Sweden utafiti uliohusisha wanawake 2,760 ulisimamishwa kabla ya kumalizika, na matokeo yake yakachapishwa 2019. Katika kundi la waliosubiri hadi wiki ya 42, watoto sita walifariki. Katika kundi la walioanzishiwa wiki ya 41 hakufariki hata mmoja.

Gumu ni hilo neno "kwa hakika". Mwanamke anayeanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita huulizwa tarehe ya hedhi yake ya mwisho naye hujibu kwa kukisia: ilikuwa karibu na Idi, au wiki ile shule zilipofunguliwa. Kipimo cha altrasaundi kinachofanywa mapema hukadiria vizuri umri wa mimba, na tangu 2016 WHO inashauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24. Kikifanywa miezi ya mwisho kinaweza kukosea kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana wapo wanaofika hospitali na kadi yenye tarehe tatu zisizokubaliana. Mmoja anaambiwa amepitiliza kumbe bado, anaanzishiwa mwili haujawa tayari, anateseka siku mbili na mwisho wake ni chumba cha upasuaji. Mwingine amepitiliza kweli, lakini anarudishwa nyumbani akasubiri.

Sababu nyingine ni shinikizo la damu linalotishia kifafa cha mimba, kisukari, chupa kupasuka bila uchungu kufuata, au mtoto ambaye ameacha kukua vizuri. Katika hali hizo kungoja ndiko hatari, na mama anayekataa kwa kuogopa maumivu anapaswa kuelezwa hilo waziwazi, si kukaripiwa.

Yupo pia yule anayeanzishiwa kwa sababu mtoto amefia tumboni. Huyu husahaulika katika mazungumzo haya. Hulazwa wodi moja na wengine, akisikia vichanga vya wenzake vikilia, na uchungu wake ni ule ule. Kwake hakuna hofu ya dawa kumlevya mtoto, hivyo mlango wa kumpa dawa kali za maumivu uko wazi zaidi kuliko kwa mzazi mwingine yeyote wodini. Kumwambia ajikaze ni ukatili usio na sababu yoyote ya kitabibu.

Kidonge, puto na dripu

Kabla ya yote, mkunga au daktari hupima mlango wa kizazi kwa vidole. Mlango ambao haujawa tayari ni mgumu kama ncha ya pua. Uliolainika ni kama mdomo. Kipimo hicho hupewa alama, kwa utaratibu uliowekwa na daktari Edward Bishop wa Marekani mwaka 1964, na alama hizo ndizo zinazosema kama kazi itakuwa ya saa chache au ya siku mbili. Kuruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye dripu ni kama kusukuma mlango uliofungwa kwa komeo.

Mlango ukiwa mgumu, hulainishwa kwanza. Njia mojawapo ni mpira mwembamba unaofanana na ule wa mkojo. Huingizwa kwenye mlango wa kizazi, kisha kiputo cha mwishoni hujazwa maji. Puto hilo hukandamiza mlango taratibu hadi unaachia. Halipendezi, lakini haliletwi na dawa, na likileta shida huondolewa papo hapo.

Njia nyingine ni misoprostol, kidonge ambacho kilianza maisha yake kama dawa ya vidonda vya tumbo. Hapa ndipo pa kuwa macho. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200. Dozi ambayo WHO inashauri kwa kuanzisha uchungu wa mtoto aliye hai ni mikrogramu 25, yaani sehemu moja ya nane. Kukikata kwa wembe mara nane bila kukosea ni kazi ya sonara, na kipande kikubwa mno kinaweza kuubana mfuko wa uzazi hadi mtoto akose pumzi. Ndiyo sababu wodi zinazojali hutumia vidonge vilivyotengenezwa kwa dozi hiyo ndogo, au hukiyeyusha kidonge kizima katika maji yaliyopimwa. Mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji hapaswi kupewa dawa hii kabisa kwa kazi hiyo, kwa kuwa kovu lake linaweza kupasuka. Anayeulizwa habari za mshono wa zamani asione haya kusema, hata kama mama mkwe amesimama pembeni na hakuambiwa.

Kisha kuna dripu, ambayo wengi huiita sindano ya uchungu. Ndani yake mna oksitosini, homoni ile ile ambayo mwili wa mama huitoa wenyewe. Huanza kwa matone machache na kuongezwa kidogo kidogo, kila baada ya nusu saa, hadi mfuko wa uzazi ubane mara tatu hivi ndani ya dakika kumi. Ukibana zaidi ya mara tano katika dakika hizo, dripu inapaswa kupunguzwa au kufungwa. Mtoto hupata hewa vizuri kati ya mbano mmoja na mwingine, na mapumziko hayo yakikosekana, moyo wake huanza kwenda ovyo. Mapigo ya moyo wa mtoto hupaswa kusikilizwa angalau kila nusu saa, na pengo refu kuliko hilo mama akiwa na dripu ni hatari.

Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, imetoa somo ambalo linastahili kujulikana bara pia. Kuanzia 2014 wakunga na madaktari wa hapo, wakishirikiana na watafiti, waliandaa mwongozo mfupi wa kuhudumia uchungu, uliopimwa kwa mazingira yao wenyewe: wazazi wengi, watumishi wachache. Utafiti huo uliitwa PartoMa. Matumizi ya dripu ya kuongeza uchungu yalishuka kutoka asilimia 22 ya wazazi hadi 12, na mapigo ya moyo wa mtoto yakawa yanasikilizwa kwa karibu zaidi. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 katika kila watoto 1,000 hadi 39. Hakukuwa na mashine mpya. Kilichoongezeka ni kujua lini dripu inatakiwa na lini haitakiwi.

Tofauti hiyo ya mazingira ndiyo inayofanya takwimu za ughaibuni zisomwe kwa uangalifu. Mwaka 2018 utafiti wa Marekani uliohusisha wazazi wa kwanza zaidi ya 6,000 wasio na tatizo lolote ulionyesha kwamba walioanzishiwa wiki ya 39 walifanyiwa upasuaji kidogo kuliko waliosubiri: asilimia 18.6 dhidi ya 22.2. Habari hiyo ilisambaa, na wapo waliotaka kuanzishiwa ili wachague siku ya kuzaa. Wale wa Marekani, hata hivyo, moyo wa mtoto ulifuatwa kwa mashine, na sindano ya mgongo ilikuwa karibu kila walipoihitaji.

Yale ya nyumbani nayo yasisahaulike. Mafuta ya nyonyo na mizizi ya kuchemsha hupewa wajawazito kimyakimya, wakati mwingine asubuhi ya siku ya kwenda hospitali. Mafuta hayo huharisha na kumkausha mama maji. Baadhi ya mitishamba hubana mfuko wa uzazi, na ikikutana na dripu hakuna ajuaye nguvu yao itaishia wapi. Aliyekunywa kitu amwambie mkunga, na mkunga aliyeambiwa asimtukane, maana akimtukana huyu, wa kesho atanyamaza.

Sindano ya mgongo

Wanawake wengi wanaosema wanaijua sindano ya mgongo wanaijua ya upasuaji. Ile huchomwa mara moja, huingia kwenye maji yanayozunguka mishipa ya uti wa mgongo, na mara miguu inakufa ganzi hadi mama hawezi kuinua kidole. Epidurali ni ndugu yake, si yenyewe.

Mama hukaa kitandani akikunja mgongo kama anayekumbatia mto, au hulala ubavu. Ngozi hufishwa ganzi. Daktari wa usingizi huingiza sindano kati ya mifupa ya kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na kuifikisha nje ya utando unaoshika yale maji. Sindano hutolewa, unabaki mrija laini mwembamba kuliko uzi wa kandambili, unaobandikwa mgongoni kwa plasta. Dawa hupitishwa humo kila inapohitajika. Baada ya dakika kumi hadi ishirini maumivu yanashuka. Kwa dozi ndogo zinazotumika siku hizi, mama husikia tumbo likibana bila kuumia, na wengi hubaki na nguvu za kutosha kujigeuza kitandani. Sehemu ngumu kwa mama ni kutulia tuli wakati sindano inaingia, huku uchungu ukimpitia.

Kwa aliyeanzishiwa, faida yake ni kubwa. Kazi ikiwa ya saa ishirini, mama anaweza kulala usingizi wa kweli katikati yake na kufika wakati wa kusukuma akiwa na nguvu. Ikilazimu upasuaji wa haraka, mrija ule ule huongezewa dawa na kazi inaanza.

Madhara yapo. Shinikizo la damu linaweza kushuka, ndiyo maana hupimwa kila dakika chache mwanzoni. Baadhi huwashwa mwili, hutetemeka au hupata homa. Mkojo unaweza kugoma kutoka hadi mpira utumike. Kusukuma kunaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Mwanamke mmoja hivi kati ya 100 hupata maumivu makali ya kichwa, yanayozidi akikaa na kupungua akilala, kwa sababu utando wa maji ulitobolewa kwa bahati mbaya. Hayo hutibika. Wasiofaa kupewa ni wale ambao damu yao haigandi vizuri, na hapo wamo baadhi ya wenye shinikizo kali la mimba, au wenye maambukizi pale sindano inapoingia.

Na mgongo? Hili ndilo linalotisha zaidi, kwamba sindano hiyo humwachia mwanamke mgongo wa kizee. Mapitio ya tafiti 40 zilizowahusisha wanawake zaidi ya 11,000, yaliyochapishwa 2018, hayakuona tofauti ya maumivu ya mgongo ya muda mrefu kati ya waliochomwa na wasiochomwa. Wala hayakuona ongezeko la upasuaji. Mgongo humuuma mama aliyejifungua kwa sababu alibeba mimba miezi tisa, na sasa anainama kuogesha, kufua nepi na kunyonyesha, sindano iwepo isiwepo.

Hofu nyingine haina kipimo cha hospitali. Ni ile ya kuambiwa hukuzaa, ulizalishwa. Kungwi na shangazi walifundisha kwamba kelele leba ni aibu ya ukoo mzima, na wifi hukumbuka hadi uzeeni nani alilia na nani alinyamaza. Ulaya nako walipita hapo. Mwaka 1847 daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa wazazi dawa ya usingizi, walizuka waliosema uchungu ni fungu la mwanamke na halipaswi kuguswa. Ubishi ulipoa sana baada ya 1853, Malkia Victoria alipovutishwa klorofomu na daktari John Snow akimzaa Leopold, mtoto wake wa nane. Hakuna aliyethubutu kumwambia malkia kwamba hakuzaa.

Mikono michache

WHO, katika mwongozo wake wa 2018, inaitaja epidurali kuwa njia inayofaa kwa mzazi mwenye afya anayeomba kupunguziwa maumivu. Kuomba ni jambo moja na kupata ni jingine. Chama cha madaktari wa usingizi duniani kinataka kila watu 100,000 wawe na madaktari hao wasiopungua watano. Tanzania haijafika hata mmoja. Kazi kubwa ya usingizi katika hospitali za wilaya hufanywa na wauguzi na matabibu waliosomea fani hiyo, na saa nane za usiku wanaitwa kwenye upasuaji wa dharura, si kwa mama anayelia kitanda cha sita. Hata angepatikana wa kuchoma, mkunga mmoja mwenye wazazi wanane hawezi kupima shinikizo la huyo mmoja kila dakika tano.

Lakini kati ya epidurali na kutokupewa chochote kuna mambo mengi, na hapa ndipo lawama inapokuwa ya haki. Zipo sindano za dawa za maumivu, kama pethidini, ingawa huleta kichefuchefu na ikichomwa karibu na kuzaa inaweza kumfanya mtoto asinzie. Kuna kitambaa cha maji ya moto kiunoni, kukandwa, kutembea, kukaa au kupiga magoti badala ya kulala chali. Mwenye dripu anaweza kusimama pembeni ya kitanda, mradi nguzo ya chupa isogezwe. Wengi hukatazwa tu kwa mazoea.

Na kuna mtu wa kumshika mkono. Mapitio ya tafiti za wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha kwamba mzazi aliyekuwa na msindikizaji muda wote alielekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, kwa muda mfupi zaidi, na kuhitaji dawa kidogo. Sababu inayotolewa ya kuwazuia jamaa ni kwamba leba ziko wazi, kitanda kwa kitanda, na mume wa mmoja atawaona wake za wenzake.

Mkoani Kigoma jambo hilo lilijaribiwa kati ya 2016 na 2018 katika baadhi ya vituo vya umma. Mama aliruhusiwa kuchagua mwanamke wa kuingia naye, awe mama yake, dada au jirani, na msindikizaji huyo alielekezwa kazi yake: kumkanda kiuno, kumpa maji ya kunywa, kutembea naye, kumwita mkunga mambo yakibadilika. Wengi waliochukua nafasi hiyo waliridhika zaidi na walivyohudumiwa. Wakunga waliokuwa na wasiwasi mwanzoni waligundua kwamba wamepata mikono ya ziada, na ya bure, kwenye zamu za usiku.